Kibali cha Kuchomea Majani ya Bi Mashavu

Ipo nchi moja, na msiulize iko upande gani, kwa sababu ramani yake bado inasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda semina. Katika nchi hiyo watu walikuwa wakifagia nyua zao asubuhi, wanakusanya majani, wanayachoma, kisha wanaendelea na shughuli zao. Walifanya hivyo tangu enzi za mababu bila kujaza fomu hata moja, masikini, na hakuna aliyejua kuwa wote walikuwa wahalifu.

Mambo yalibadilika siku Mtukufu Kiongozi alipopita Mtaa wa Mikorosho na msafara wa magari arobaini na moja. Kioo chake kilikuwa kimeteremshwa kidogo ili awapungie wananchi vidole viwili. Moshi wa majani ya mkorosho, usio na adabu wala mwaliko, ukapenya ndani, na Mtukufu akapiga chafya.

Ikawa balaa. Redio ya taifa ilikatiza matangazo ya vifo ili kutangaza chafya. Mawaziri wawili waliokuwa gari la nyuma nao wakapiga chafya, kwa heshima. Bunge lilikaa siku tatu mfululizo. Mbunge mmoja alilia hadi akaletewa maji ya kunywa, mwingine akataka mikorosho yote nchini ihojiwe. Siku ya nne ikapitishwa Sheria ya Moto wa Uani, na ili sheria isibaki mpweke ikaundwa Mamlaka ya Udhibiti wa Moshi wa Uani, ambayo watu waliiita Mumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulitaja jina zima.

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Kila mtu afyeke na kufagia uwanja wake kila siku. Asichome alichofagia bila kibali cha Mumu. Asikibebe kukipeleka kwingine, kwa kuwa barabara ni za msafara. Asikifukie, kwa kuwa chini ya ardhi kuna madini ya taifa, ingawa hayajaonekana bado. Na kiwanja kitakachokutwa na rundo la takataka siku ya Ukaguzi Mkuu kitachukuliwa na Mumu moja kwa moja, na mwenyewe atahama siku hiyohiyo kabla jua halijazama.

Wataalamu waliisifu sana sheria hii, wakasema haina mwanya. Ni kweli, hata hewa ilikuwa haipiti.

*

Bi Mashavu aliishi pembeni mwa Mtaa wa Mikorosho, pale barabara inapokata kona. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mikorosho mitatu, na kaburi la marehemu mumewe nyuma ya jiko. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Alfajiri zote hizo aliinama mbele ya mafiga, akawasha kuni mbichi, kuni za mvua, kuni zilizoliwa na mchwa, na watoto mia nane wakala. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua, ni moto.

Sasa mkorosho ukiamua kumwaga majani, unamwaga kweli. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza rundo lake lilimfika kiunoni. Akafunga kanga ya pili, akaenda Mumu kuomba kibali.

Ofisi ya Mumu ilikuwa na madirisha sita, na moja tu ndilo lililofunguka. Nyuma yake alikaa karani aitwaye Tindwa, kijana mpole, mwenye macho ya mtu aliyekemewa tangu utotoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka kuchoma majani."

Tindwa alitazama huku na huku kama aliyesikia tusi. "Usiseme kwa sauti, bibi. Jaza hii kwanza."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Iliuliza jina la mwombaji, kabila la mti, tabia za majani, na kama rundo limewahi kuhukumiwa. Bi Mashavu alijaza yote bila kunung'unika. Alipofika ukurasa wa mwisho akasimamisha kalamu.

"Hapa pameandikwa niambatanishe sampuli ya moshi wa rundo langu."

"Ndiyo bibi."

"Sasa moshi nitautoa wapi kabla sijachoma?"

"Bibi, hilo si swali la dirisha hili."

"Ni la dirisha gani?"

"La tatu."

"La tatu halifunguki."

"Ndiyo bibi," alisema Tindwa kwa huzuni ya kweli.

Basi kesho yake akaja na chupa ya soda, ameijaza moshi wa jikoni kwake na kuiziba kwa kitambaa. Ikapelekwa kwa Afisa Mnusaji, bwana mnene aliyelipwa mshahara kwa ajili ya pua, na pua yenyewe ilikuwa na mafua mwaka mzima. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, tundu moja lilikuwa limezibuka.

"Nasikia maharage," alisema Mnusaji.

"Ni maharage. Nilikuwa nayachemsha."

"Kumbe! Udanganyifu wa moshi!" Akapiga muhuri mwekundu.

Bi Mashavu alirudi nyumbani akisonya njia nzima. Wiki iliyofuata akaleta chupa tupu, ameiosha na kuifuta vizuri. Mafua ya Mnusaji yalikuwa yamerudi na nguvu zote. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Huu ndio moshi," alisema. "Moshi safi kabisa. Hauna hata harufu. Wananchi wote wangekuwa hivi, nchi ingekuwa mbali."

*

Baada ya moshi kupita ikaja semina. Waombaji wote waliitwa kwenye uwanja wa Mumu kufundishwa moto ni nini, na mfundishaji alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dokta Ladislaus Kifimbo. Udokta alikuwa ametunukiwa na kamati aliyoiteua yeye, na alikuwa ameupokea kwa unyenyekevu, akilia.

Bi Mashavu alimtambua kabla hajateremka garini. Huyu si Ladi? Ladi Ukoko! Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya pipa la maji, sufuria zikishaepuliwa anajitokeza kukwangua ukoko kwa kucha. Mara ngapi alimfukuza na mwiko! Akatabasamu, akampungia. Dokta Kifimbo alimpitia kwa macho kama anayetazama ukuta.

"Ndugu wananchi," alianza, "moto ni nini? Moto ni hali ya joto inayojitokeza mahali penye upungufu wa utaratibu."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wameshafundishwa kupiga makofi, katika semina nyingine.

"Sasa nitawaonyesha uwashaji ulio salama kitaalamu."

Mbele yake palikuwa na vijiti vilivyopangwa na wahandisi wanne, vyote vimelazwa chali, vimebanana, hata mdudu asingepita. Kifimbo akavaa glavu. Akawasha njiti ya kwanza, ikazimika. Ya pili ikavunjika. Ya tano ikamuunguzia glavu. Ya kumi na moja ilipozimika, akatangaza kuwa hali ya hewa ina hujuma.

Bi Mashavu hakukusudia ubaya. Ni mkono tu, miaka thelathini na mmoja ya mazoea, mkono ukaona kazi inaharibika. Akainuka, akasimamisha vijiti viwili, akaweka jani moja kavu katikati, akakinga upepo kwa kanga. Njiti moja. Moto ukashika, na hata aliyekaa mwisho kabisa akausikia ukitatarika.

"Umejifunza wapi hayo?" aliuliza Kifimbo, sauti yake nyembamba.

"Jikoni. We si unajua? Ulikuwa unakula palepale."

"Karani! Andika. Mwombaji ana uzoefu. Uzoefu huu ameupata kabla ya Mumu kuanzishwa, kwa hiyo ameupata bila kibali. Maombi yake yasimamishwe mpaka uchunguzi ukamilike."

Ndiyo hivyo. Waliokuwa hawawezi kuwasha hata mshumaa walipewa vyeti. Aliyejua akawekwa chini ya uchunguzi. Watu walitawanyika wakimtazama Bi Mashavu kwa pembe ya jicho, kama aliyekutwa na kitu cha wizi.

*

Sasa ijulikane kawaida moja ya Mumu. Ofisi ile ilikuwa na makabati mazuri ya chuma, lakini yote yalijaa vikombe ambavyo Mumu ilijizawadia kwa utendaji bora. Mafaili yakakosa pa kukaa. Dokta Kifimbo akatoa waraka: kila mwombaji atalitunza faili lake nyumbani kwake, uwanjani, palipo na rundo husika, ili vitu viwili hivyo visipoteane. Kazi ya Tindwa ikawa kusukuma toroli kila Ijumaa, kuwapelekea wananchi karatasi mpya zilizoandikwa juu yao.

Na zilikuwa nyingi jamani! Uchunguzi wa uzoefu wa Bi Mashavu ulizaa maboksi kumi na mawili. Kulikuwa na mihtasari ya vikao, mihtasari ya vikao vya kupitisha mihtasari, nakala tisatisa za kila barua, na picha ya mwiko wake kutoka pande nne.

Miezi ikapita. Mvua za masika zikanyesha, rundo la majani likalowa, likaoza, likazama. Mbegu za maboga alizokuwa akitupa zikaota juu yake, zikatambaa. Bi Mashavu akachukua jembe, akalisambaza lote chini ya mimea. Pale palipokuwa na rundo sasa palikuwa na maboga manene yaliyolala kama wageni walioshiba, na kando yake, chini ya turubai, yalisimama maboksi ya Mumu, marefu kuliko rundo lilivyowahi kuwa.

"Shoga, sasa huna majani," alisema jirani yake Mwajabu, akiegemea ua. "Umeokoka."

"Na haya?" Bi Mashavu alionyesha maboksi. "Haya nayo si rundo? Nikiyatupa, nimebeba. Nikiyachimbia, nimefukia. Wakija kukagua watasema nini? Watanichukulia nyumba, Mwajabu. Marehemu nimwache na nani?"

Mwajabu akabaki anavunjavunja kijiti.

Ijumaa moja Tindwa alileta bahasha ya kaki, nene, yenye lakiri nyekundu.

"Mkurugenzi amesema niiweke kwenye faili la Bi Mashavu," alisema, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Amesema unipe mimi?"

"Hapana bibi. Amesema kwenye faili lako. Na faili lako si liko hapa?" Aliitumbukiza kwenye boksi la kumi na mbili, akajifuta jasho, akaenda zake na toroli. Alikuwa mtiifu, huyo kijana, hata mara moja hakuwahi kufikiri kazini.

Mchana ule, chungu kikiwa motoni, Bi Mashavu akavaa miwani akaifungua bahasha. Alisoma mara moja, akasoma tena. Ilikuwa ni Hati ya Kukabidhi Kiwanja. Ilisema kwamba katika Ukaguzi Mkuu uwanja wa Bi Mashavu *ulikutwa* na rundo, hivyo *umechukuliwa*, na *umekabidhiwa* kwa mke wa Dokta Kifimbo ajenge kituo cha mafuta, kwa kuwa kona ile ni nzuri kwa magari. Ilikuwa na sahihi tatu na mihuri minne, nakala yake ilikuwa hiyo moja tu, na tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu mbele.

Mlinzi wa moto wa taifa alitaka kuuza petroli juu ya kaburi la mumewe.

Bi Mashavu aliivua miwani polepole. Hasira ilimpanda. Akaketi mpaka ikatulia. Kisha akairudisha hati kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi, akavuta turubai vizuri ili karatasi zisipate unyevu.

*

Siku chache kabla ya wiki tatu hizo kwisha, Mtukufu Kiongozi, akiwa anakunywa chai, aliuliza Mumu imeshatoa vibali vingapi. Hesabu ilikuwa fupi. Hakuna hata kimoja.

Kifimbo hakupata usingizi, lakini akapata wazo. Atatoa kibali kimoja, mbele ya redio ya taifa, tena kwa Bi Mashavu. Atamkabidhi saa tatu asubuhi na Ukaguzi Mkuu atauanza palepale saa nne. Majani yaliyonyeshewa masika nzima hayataungua kwa saa moja, hata yachomwe na malaika. Saa nne rundo litakuwa bado lipo, kibali kitakuwa kimetoka, na mke wake atakuwa na kona. Alijipongeza, akajiandikia kikombe kingine.

Siku ilipofika wakaja wote: Kifimbo na suti nyeupe, Mnusaji na leso, Tindwa na toroli tupu, na mtangazaji wa redio aliyekuwa akipiga kelele tangu getini. Mtaa mzima ulijaa uani.

"Mama mzazi wetu huyu," alisema Kifimbo kwenye kipaza sauti, akimshika bega kama mtu anayejua kupenda. "Leo serikali inampa uhuru wa kuchoma!"

Makofi. Bi Mashavu akapokea kibali, akavaa miwani, akakisoma kwa sauti mbele ya wote. "*Mwenye kibali hiki anaruhusiwa kuchoma takataka zote kavu zilizopo uwanjani kwake. Moto ukishawashwa kihalali, ni marufuku kwa mtu yeyote kuuzima kabla haujaisha wenyewe.*"

Kifungu hicho cha pili alikitunga Kifimbo mwenyewe, kwa sababu gari pekee la zimamoto lilikuwa likimwagilia bustani ya nyumbani kwake na hakutaka lisumbuliwe.

"Haya," alisema Bi Mashavu. Akavuta turubai.

Kifimbo alitazama maboga. Akatazama maboksi. Akatafuta majani, hayapo. "Rundo liko wapi?"

"Si hili?"

"Hizi... hizi ni nyaraka za serikali!"

"Nyaraka?" Bi Mashavu alifungua boksi la kumi na mbili, akatoa bahasha ya kaki, akaiinua juu lakiri ikaonekana. "Basi kama ni nyaraka, nimsomee mtangazaji hii moja, nchi nzima isikie kazi nzuri ya Mumu. Ina tarehe ya leo, lakini mimi ninayo tangu wiki tatu zilizopita. Au ni takataka? Niambie wewe, msomi."

Rangi ilimtoka Kifimbo usoni. Alimgeukia Tindwa, na Tindwa akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyefanya alichoagizwa.

"Mheshimiwa," mtangazaji alimsogezea kipaza sauti, "wasikilizaji wanasubiri. Ni nyaraka ama ni takataka?"

"Ni takataka," alisema Kifimbo chini chini.

"Ladi," alisema Bi Mashavu, kwa sauti ileile ya jikoni, sauti ya mwenye mwiko. "Wa nyuma hawajasikia."

Na Dokta Ladislaus Kifimbo, Mkurugenzi Mkuu, mwenye vikombe makabati saba, akanyooka wima. "Ni takataka! Zote! Kila kilichoandikwa na ofisi yangu ni takataka!"

Watu hawakuwahi kupiga makofi kama yale, na safari hii hakuna aliyewafundisha.

Bi Mashavu akasimamisha mabunda mawili, akaweka bahasha katikati, akakinga upepo kwa kanga. Njiti moja. Karatasi za Mumu zilikuwa kavu sana, hazikuwa na kitu ndani, na ziliwaka kwa mlio mzuri.

"Zima," alinong'ona Kifimbo. "Tindwa, zima!"

"Mheshimiwa, kifungu cha pili," alisema Tindwa.

Saa nne ilipogonga palikuwa na majivu tu. Kifimbo alitafuta fomu ya ukaguzi aandike, na fomu ilikuwa imo failini, na faili ndilo lililokuwa likipeperuka vipande vyeusi juu ya paa. Katika nchi ile, jambo lisilo na faili halipo. Uwanja wa Bi Mashavu haukuwepo tena kwa Mumu, na usipokuwepo haukaguliwi wala hauchukuliwi.

Bi Mashavu alikata boga, akasukumia vipande kwenye majivu ya moto, akaanza kumgawia kila aliyefika, jirani kwa jirani. Mnusaji alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kifimbo alibaki amesimama kando, suti nyeupe ikiingia masizi. Upepo ukageuka, na moshi wa mwisho ukamfuata moja kwa moja puani. Akakunja uso, akakodoa macho, akaibana pua kwa vidole viwili, machozi yakimchuruzika. Chafya ya Mtukufu ndiyo iliyomletea kazi hii. Sasa yake, redioni, mbele ya moshi wa karatasi zake mwenyewe, ingemletea nini? Mtangazaji alikuwa bado amemnyooshea kipaza sauti.

Bi Mashavu alimsogelea, akamshikisha kipande cha boga, kile cha pembeni kilichoungua kidogo, kama ukoko aliokuwa akiupenda utotoni.

"Piga tu, Ladi," alimwambia. "Hiyo haina fomu."